Aanze Aliyekuja Mwisho

Malindi, Mjini Unguja
Jumatatu, 22 Machi 1954

Dada yangu Kazija, shikamoo.

Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na watoto na yule mbuzi wenu mkorofi. Sisi hatujambo. Shemsa mke wangu anakusalimu. Jino linamsumbua, ulimi mzima. Binti yetu ameshahitimu juzuu amma, na tumemfanyia bisi na kashata. Nimesikia eda yako imekwisha. Mungu amrehemu shemeji yangu Jecha, akupe na wewe subira. Sikuwahi kuja, unajua mwenyewe kazi ilivyonibana mwezi ule, kwa hivyo sitarefusha.

Ama lililonikalisha kitako kuandika ni hili. Kama ulivyosikia, tangu Novemba mimi ndiye msimamizi wa karakana ya kamba ya Bwana Mmanga. Mimi, niliyeingia hapa miaka kumi na tisa nyuma kufagia makapi, nikajifunza hesabu kwa kuhesabu mafundo. Watu kumi na wanne wako chini yangu. Kiti hiki hakijawahi kukaliwa na mtu wa shamba, na wako wanaosema hakitakaliwa tena.

Sababu ya kusema hivyo wanayo. Tangu Januari tumepeleka kamba arubaini bandarini za kupandishia magunia ya mbata, na kumi na moja zimekatika. Moja ilikatika gunia liko hewani, likamwangukia hamali mguuni. Bwana Mmanga ameniita, akaniambia bila ya kunitazama kuwa ananipa mpaka mwisho wa Juni, kabla karafuu hazijaanza kushuka. Nisipojua sababu, kuna mtu Mombasa ameshaandika kuomba nafasi.

Nimepiga hesabu. Ya kwanza, mkono wa nani. Tuna vikosi vitatu. Cha Mzee Usi zimekatika nne, cha pili nne, cha tatu tatu. Kwa hivyo si mkono. Ya pili, kuanikwa. Sita zilianikwa juani, tano kivulini. Kwa hivyo si jua. Ya tatu, pahala zinapokatikia. Nyengine nchani, nyengine katikati, hapana pahala pamoja. Kwa hivyo si kapi za bandarini, kamba zinamopitia. Hesabu ya nne ninayo, lakini sitaiandika.

Nikaona akili yangu peke yake haitoshi. Alkhamisi iliyopita nilisimamisha kazi baada ya alasiri, nikawakalisha wote barazani. Niliwaambia kuwa fikra ya mtu mmoja ni uzi mmoja, na hapa hapana asiyejua uzi mmoja unabeba nini. Kila mtu alete wake tusokote. Nikamwomba Mzee Usi aanze, kwa umri wake, miaka sitini na mitatu, na kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kazi.

Mzee Usi akakohoa, akasema, "Jua."

Nikamgeukia wa pili. "Kama alivyosema Mzee Usi." Wa tatu naye, kama alivyosema Mzee Usi. Watu kumi na watatu, Dada, jibu moja mara kumi na tatu, na mimi daftari mkononi linasema sita juani, tano kivulini. Ningefanyaje? Mzee wa watu ameshasema mbele za watu. Nikashukuru, tukarudi kazini.

Sasa nakuuliza kitu kidogo tu. Mashimo yenu ya pwani mwaka huu yalikwendaje?

Mdogo wako,
Pandu


Jambiani
12 Aprili 1954

Mdogo wangu Pandu, marahaba.

Waraka wako ulikuja na gari la Jumatano, nikausoma, nikauweka chini ya mto wiki mbili. Sikuwa mgonjwa. Watoto wazima. Mbuzi amekula mkeka wa jirani, na jirani amekula maneno yangu. Shemsa mwambie asage karafuu mbili aziweke kwenye jino, na asitafunie upande huo hata kwa kumsema mtu.

Umeuliza mashimo yalikwendaje, kana kwamba wewe hukulelewa kwayo. Makumbi ya nazi tunayafukia mchangani pwani, maji yanakuja juu yake na kuondoka, miezi sita kamili, mpaka yalainike. Ndipo tunafukua, tunaponda, tunapata usumba wa kusokota kamba. Mama alifanya hivyo, na kwa kamba zile zile ulinunuliwa kanzu yako ya kwanza ya chuoni. Hatukubadilisha kitu. Hiyo hesabu ya nne uliyoona haya kuiandika nimeisoma vizuri sana, hata bila ya wino.

Umeandika pia kuwa kazi ilikubana. Nimesoma na hilo.

Juu ya baraza lako nilicheka peke yangu. Miaka kumi na tisa mjini, umesahau tunavyokaa sisi pwani? Tuko wanawake saba. Tukitaka kujua shimo limeiva au bado, tunatia mkono wote, halafu husema kwanza aliyeolewa mwisho. Mwaka huu ni Mwanapili, ambaye hajatimiza mwaka hapa. Mimi mkubwa wao nasema mwisho. Nikitangulia mimi, sita waliobaki watasema kama Bi Kazija, na shimo bichi litafukuliwa kwa heshima. Mgeni bado hajajua nani wa kumwogopa. Wewe umemweka mzee mlangoni, halafu unashangaa kwa nini hapana aliyeingia.

Nimemaliza. Salimia wote wa nyumba yako.

Dada yako,
Kazija


Malindi
Jumamosi, 24 Aprili 1954

Dada Kazija, shikamoo nyingi.

Jino limetulia kwa dawa yako na Shemsa anakuombea dua. Mwezi wa Ramadhani umekaribia. Nimekuletea kwa gari hili tende ratili nne na kitambaa cha mtandio. Usikirudishe.

Ulinipiga, na nimekubali kipigo. Alkhamisi hii nilikaa na watu wangu tena, na nikapindua mpango kama mlivyo nyinyi pwani. Nikasema aanze aliyekuja mwisho.

Aliyekuja mwisho anaitwa Abrahman. Ni yule hamali aliyeangukiwa na gunia. Vidole vitatu vya mguu vimesagika, kubeba tena hawezi. Nilimwajiri mwezi wa Machi akae asokote. Nilisemwa. Wakaniuliza tangu lini karakana ikawa hospitali. Nikawajibu kuwa mtu aliyekatikiwa na kamba yetu hatasokota yake vibaya.

Abrahman akasema, "Mie sijui kamba. Najua iliyoniangukia. Ilikuwa inanuka nazi. Zile nzuri zinanuka pwani."

Mzee mmoja akacheka kwa pua. Nikamwomba Abrahman aseme tena, nikaandika kwa mkaa ukutani maneno yake vile vile, bila ya jina. Aliyemfuata akasema kuwa usumba wa Januari ulikuwa ukimchubua viganja, naye alidhani ni viganja vyake. Mwengine akasema uliingia maji polepole sana. Mwengine akasema tumetiwa kijicho na karakana ya Darajani, na mimi nikaandika na hilo, kwa sababu nilishaahidi hapana neno litakalotupwa kabla wote hawajasema. Yakawa maneno kumi na saba ukutani. Wote walikuwa wanajua kitu, Dada, kila mtu kipande chake, na kila mmoja amekikalia miezi mitatu kwa adabu.

Ndipo tukaanza kufuta, mstari wa mkaa juu ya neno. Mwenye hoja ya kufuta neno aitoe, asitaje mtu. Kijicho kilifutwa na mwenyewe aliyekileta. Jua lilifutwa kwa sita na tano zangu. Mzee Usi alipoona jua limefutwa, alivaa makubadhi yake, akaondoka bila ya kuaga. Roho iliniuma. Lakini sikuliandika tena.

Lililobaki ni moja. Usumba ule haukuiva.

Sasa nalazimika kuandika hesabu ya nne. Kamba zote kumi na moja, hata moja haikutoka, zimesokotwa kwa marobota sita yaliyoingia tarehe 9 Januari, na marobota yale yamefungwa kitambaa chekundu, alama yenu. Mimi ndiye niliyempeleka Bwana Mmanga kwenu. Mimi ndiye niliyemwambia usumba wa Jambiani una wenyewe. Nikimwambia haya, ataukata mkono wenu na wangu pamoja. Nisipomwambia, ataukata wangu tu, na mtu wa Mombasa atanunua kwenu marobota yale yale, na siku moja gunia litamwangukia mtu kichwani.

Sikushutumu. Nakuomba uniambie lililopita.

Mimi nduguyo wa tumbo moja,
Pandu


Jambiani
10 Juni 1954

Pandu, marahaba.

Idi imepita salama. Nimepika, nimelishwa, nimetembelewa. Mtandio nimeuvaa. Tende zilifika ratili tatu na nusu; mwambie dereva wako kuwa nina mizani.

Nilikaa na waraka wako Ramadhani nzima. Mwanzo nilikusudia kutokujibu. Nikasema mdogo wangu amepata kiti na anataka kukifuta vumbi kwa kanga yangu. Baadaye nikaona kuwa nimekufundisha kitu ambacho mwenyewe sijakifanya. Siku ya Idi pili nikawaita wenzangu sita pwani, maji yamekupwa. Nikawaambia kuna swali juu ya marobota ya Januari, na mimi sitasema neno mpaka wote wamalize. Mwanapili aanze.

Mwanapili alichora mchanga kwa kidole cha mguu. Halafu akasema, "Bi Kazija, shimo lako tulilifukua siku ya sitini na nne."

Nikawatazama wote, mmoja mmoja. Hapana aliyekanusha.

Sikiliza ilivyokuwa. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda. Unajua sheria yake, mjane hatoki miezi minne na siku kumi. Wageni wa kuhani walikuwa wakija kila siku, Jecha alikuwa mtu wa watu, na mchele ukaniishia. Sikumwambia mtu. Wao wakaona chungu chepesi. Wakasema Bi Kazija hataomba, ataficha njaa kama anavyoficha kila kitu. Shimo langu tulilifukia tarehe 10 Oktoba, lilikuwa liive Aprili. Wakalifukua Disemba, wakaponda usiku na mchana, wakaufunga usumba kitambaa chekundu, wakauuza, wakaniletea magunia mawili ya mchele. Wakaniambia ni mchele wa Jecha, alikuwa akidai watu. Nikaamini, nikamlilia upya. Nilipotoka eda wakaniambia shimo langu lilichukuliwa na bahari, na hilo nalo nikaliamini.

Kila mmoja wao alijua kuwa makumbi yale ni mabichi. Hapana aliyesema, kwa sababu mkubwa kati yao siku ile alishasema tufukue, na kwa sababu ilikuwa kwa ajili yangu. Mwanapili anasema alitaka kusema. Lakini mimi sikuwepo wa kumwambia aanze.

Walinifanyia wema, Pandu, na wema wao ndio uliomwangukia yule hamali maskini mguuni.

Ungelikuja maziko ungeliwaona wanawake hawa. Siku tatu moto haukuzimika uani kwangu. Watu waliniuliza yuko wapi mdogo wako wa mjini, nikawaambia yuko njiani. Niliwaambia hivyo siku zote tatu. Sitaliandika hili mara ya pili.

Sasa fanya hivi. Waraka huu msomee Bwana Mmanga mbele ya watu wako. Usiruke pahala. Mimi sijifichi nyuma ya mdogo wangu, na wewe usijifiche nyuma yangu. Marobota sita hayo tutayalipa kwa marobota sita yaliyoiva, hata kama hatanunua kwetu tena maisha. Jambiani haidaiwi.

Dada yako,
Kazija


Malindi
Jumapili, 27 Juni 1954

Dada yangu, shikamoo.

Sisi wazima, sitaki kurefusha salamu, nisamehe. Nataka ujue yaliyotokea kama yalivyotokea.

Bwana Mmanga alikuja Alkhamisi. Alikuja na barua ya mtu wa Mombasa mfuko wa koti, akahakikisha nimeiona. Nilimkalisha barazani, nikawaita watu wangu, nikasoma waraka wako tangu salamu mpaka mwisho. Sikuruka pahala. Niliposoma pale pa maziko nilipotea mstari, nikaanza tena sentensi ile upya. Walisikia wote.

Nilipomaliza, Bwana Mmanga akauliza, "Kwa hivyo ni dada yako."

"Naam. Tumbo moja."

Akasema basi hesabu imekamilika. Jambiani isinunuliwe tena, na mimi nimkabidhi funguo za ghala. Alisema kwa upole, nami nilikuwa nimeshajitayarisha. Lakini yeye ni mtu wa adabu, na kabla hajanyanyuka akamgeukia mkubwa wa karakana. Akamwuliza Mzee Usi, ambaye alikuwa amerudi kazini baada ya wiki moja na tangu hapo haniitiki ila kwa kichwa, kama ana neno.

Mimi nikasema moyoni, basi tena. Akisema lolote, wengine kumi na watatu nawajua.

Mzee Usi alinyanyua kidevu kumwonesha Abrahman. "Aanze yule," akasema. "Hapa huanza aliyekuja mwisho."

Bwana Mmanga alimtazama kama aliyeambiwa akae chini nyumbani kwake.

Abrahman akanyoosha mguu wake mbele, na vidole vyake vile. Akasema kama kuna mtu wa kuwakasirikia wanawake wa Jambiani, ni yeye, na yeye hajakasirika. Alisema katika maisha yake ya bandari ameangukiwa na vitu vingi, na hii ni mara ya kwanza kusikia mtu akisema ni mimi. Wa pili akasema kila robota lifungwe kamba ya mafundo, fundo moja kwa mwezi mmoja wa mchangani. Robota lisilo na mafundo sita lisipokelewe, litoke Jambiani, litoke Fumba, litoke kwa mjomba wake. Wa tatu akasema mafundo yanaweza kusema uwongo, basi tutoe uzi mmoja katika kila robota, tuuning'inizie uzito wa frasila mbili, ukikatika robota lirudi. Wa nne akapinga, akasema frasila mbili ni nyingi kwa uzi mkavu, utiwe maji kwanza. Wakabishana, Dada. Mbele ya tajiri. Mmoja akamwambia mwenzake anafikiri kwa kiganja, mwenzake akamjibu kuwa angalau kiganja chake kiligundua kitu.

Nilikuwa nahesabu. Watu kumi na watatu walisema, na hapana hata mmoja aliyesema kama alivyosema fulani.

Mzee Usi akawa wa mwisho. Alisema, "Mimi nilisema jua. Nimesokota kamba miaka arubaini na nne na nilisema jua. Jua halina kosa." Halafu akamwambia Bwana Mmanga kuwa mtu wa Mombasa anaweza kuja, lakini aje na watu wake kumi na wanne, kwa sababu hawa wana msimamizi.

Bwana Mmanga akauliza ile frasila mbili itaning'inizwa wapi. Tukamwonesha boriti.

Nimebaki, Dada. Na nyinyi mmebaki, kwa mafundo sita na uzi mmoja. Kamba tisa tulizosokota upya kwa usumba wa zamani ulioiva zimeshajaribiwa bandarini, hapana iliyokatika. Jana nimesikia kuwa Bwana Mmanga anawasimulia wafanyabiashara wenzake jinsi alivyoligundua jambo hili mwenyewe, kwa kunusa. Roho iliniuma nusu saa. Kisha nikapita karakana, nikakuta maneno kumi na saba bado yako ukutani, na hapana hata mmoja aliyekubali yafutwe.

Limebaki langu. Uliandika kuwa hutalisema mara ya pili, basi nalisema mimi. Kazi haikunibana. Jecha alizikwa Ijumaa, na Jumamosi Bwana Mmanga alikuwa anachagua msimamizi. Gari la shamba lilikuwepo. Nilisimama kando yake kituoni, nikapiga hesabu: nikenda, nitarudi Jumatatu, na kiti kitakuwa na mtu. Nikarudi nyumbani. Nilikaa kiti kile hali unawaambia watu niko njiani. Nimeirudia hesabu ile mara nyingi, na kila nikiipiga inatoka vile vile, na kila ikitoka naiona ni ya mtu mdogo.

Pandu


Jambiani
15 Julai 1954

Mdogo wangu, marahaba.

Tumepata mvua ya hapa na pale, muhogo umesimama. Watoto wazima. Mbuzi tumemuuza, na aliyemnunua hajaturudia bado.

Waraka wako niliwasomea wenzangu pwani, nao wakataka nirudie pale pa tajiri kutazama boriti mara tatu. Mwanapili sasa anatembea kama aliyejengewa nyumba ya mawe. Anakuletea pweza mkavu, si wako, wa Abrahman. Usimpunguzie.

Pale pa mwisho sikuwasomea. Nilipasoma peke yangu ndani.

Tarehe 8 tumefukia mashimo matatu. Moja ni la deni la marobota sita, na hilo nimelifukia kwa mikono yangu. Kwa miezi sita kamili, siku mia na themanini, hesabu yangu inaangukia tarehe 4 Januari. Ipige na yako uone. Kabla ya siku hiyo halitaguswa, akifa nani, aking'olewa kitini nani.

Uje ulione likitoka. Usije na daftari, wala usije na gari la kurudi siku ile ile. Utakaa siku tatu, kama wanavyokaa watu. Kaburi la Jecha halina haraka nawe, liko pale pale. Lakini watu waliniuliza mdogo wangu yuko wapi, na mimi ni mwanamke mkweli; jibu nililowapa bado nalingojea litimie.

Dada yako,
Kazija